Mibilingani ya Uani: Historia ya Bustani za Kinondoni na Wadudu Wake

Mbilingani ni zao la subira. Mbegu hukaa kitaluni wiki nne hadi sita. Miche ikishahamishwa huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla tunda la kwanza halijachumwa, kisha mmea ukitunzwa huendelea kuzaa kwa miezi kadhaa. Mchicha huwa tayari kung'olewa baada ya wiki tatu au nne tu. Tofauti hiyo ya siku ndiyo iliyogawa kilimo cha mboga Kinondoni. Mabondeni na kwenye viwanja vya wazi, ambako mlimaji hajui kama mwezi ujao atalikuta tuta lake au atakuta msingi wa nyumba, hulimwa mchicha, matembele na chainizi. Uani, nyuma ya jiko au karibu na bomba, ndiko kunakoonekana mbilingani, nyanya chungu, pilipili na mpapai. Historia ya biringanya mjini kwa hiyo ni historia ya nyua: nani alipata ua, lini, na alilazimishwa na nini kuulima. Ni historia ya wadudu vilevile, maana mmea unaokaa ardhini nusu mwaka huwapa wadudu muda ambao mchicha hauwapi.

Sokoni hukaa mafungu mawili ya jamaa wa ukoo mmoja. Nyanya chungu, ambayo wengi huiita ngogwe, ni ya Afrika. Ilitokana na mmea wa porini uitwao kitaalamu Solanum anguivi, na wakulima wa bara hili ndio walioufuga hadi ukatoa matunda makubwa kiasi na yenye uchungu unaovumilika. Biringanya, Solanum melongena, ililimwa kwanza Asia, ingawa wataalamu wa mimea wanaeleza kwamba nasaba yake ya kale zaidi ilitoka Afrika na kuvuka bahari kabla binadamu hajaijua. Ilirudi huku kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, ikakuta pwani ina nazi na samaki, na mchuzi ukapatikana bila shida.

Wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, eneo linaloitwa Kinondoni leo lilikuwa nje kabisa ya mji. Ufukweni, kuanzia Msasani hadi Kunduchi na Mbweni, waliishi Washomvi na wavuvi; bara kidogo walikuwapo Wazaramo na mashamba yao ya mihogo, mpunga wa mabondeni na minazi. Wajerumani waliweka kituo mwaka 1887, na mwaka 1891 Dar es Salaam ikawa makao makuu ya koloni badala ya Bagamoyo. Mboga za jikoni zilikuwa kazi ya kila kaya, na hakuna aliyezihesabu.

Kutohesabiwa huko kulikuwa na matokeo ya muda mrefu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia huko Amani, Usambara, ambayo kwa muda ilikuwa miongoni mwa taasisi mashuhuri za aina yake katika nchi za joto. Mtaalamu wake wa wanyama, Julius Vosseler, alichunguza wadudu waharibifu wa mazao ya koloni. Macho yalielekezwa kwenye kahawa, pamba, mpira na mazao mengine ya kupakiwa melini. Mdudu aliyetoboa biringanya uani hakuwa na hasara iliyoandikwa kwenye daftari la mtu yeyote, na kwa hiyo hakuwa na mtafiti. Mihogo ilipata bahati zaidi. Ugonjwa wa batobato ulielezwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894 katika koloni hilihili, na chini ya Waingereza mtafiti H. H. Storey aliushughulikia palepale Amani. Ugonjwa huo hubebwa na inzi weupe, mdudu ambaye jamii yake hiyohiyo hufyonza pia majani ya mbilingani. Elimu kuhusu inzi huyo ilianza mapema, ila ilipita mbali na bustani za jikoni.

Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, Dar es Salaam iliendelea kugawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni penye viwanja vikubwa, Uhindini penye maduka na ghorofa, na Uswahilini kuanzia Kariakoo. Ua ulifuata mgawanyo huo. Bustani kubwa zilikuwa Oyster Bay, zenye maua na mtunza bustani wa kuajiriwa. Magomeni, mtaa uliopangwa kwa ajili ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, ulikuwa na nyumba za vyumba sita zenye ua mdogo wa nyuma uliotumiwa na wapangaji wote kwa kupikia, kuogea na kufulia. Palipobaki pembe, palipandwa kitu. Kinondoni na Mwananyamala bado zilikuwa na sura ya shamba, na mwenye nyumba aliweza kulima hadi mlangoni.

Mabwana afya wa mji hawakupendezwa. Waliamini kwamba mazao marefu huficha mbu na wezi, na kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru, sheria ndogo za mji zilikataza mazao yanayozidi kimo cha mita moja hivi karibu na nyumba. Katazo hilo lililenga mahindi na mihogo. Mbilingani kwa kawaida hausimami juu zaidi ya hapo, na huenda hakuna sheria iliyowahi kuusaidia mmea huo zaidi ya ile iliyowafukuza wenzake warefu.

Mji ulikua kwa kasi baada ya uhuru. Sensa ya 1948 ilikuta watu wapatao 69,000. Ile ya 1967 iliwakuta zaidi ya 272,000. Mwaka 1972 chama cha TANU kilitoa kutoka Iringa tamko la Siasa ni Kilimo, na ukame ulipobana, mwaka 1974 na 1975 ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kampeni hizo ziliwalenga wakulima wa vijijini, lakini mjini nako ziliondoa aibu ya kushika jembe. Mtumishi wa serikali aliyelima nyuma ya nyumba alikuwa sasa anatii siasa ya nchi, na bwana afya hakuwa na la kumwambia. Katika miaka hiyohiyo mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Familia za kipato cha kati na cha chini zilipata viwanja vyenye mipaka, hati na nafasi ya ua. Hapa ndipo mbilingani ulipopata kwao Kinondoni. Aliyepata kiwanja alijua kwamba mwakani bado atakuwa pale, na zao la miezi sita likawa na maana.

Kilichowasukuma watu kulima kwa nguvu, hata hivyo, kilikuwa njaa ya mshahara. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyechunguza uchumi wa mji huu, alionyesha kwamba thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1974 na 1988. Vita na Idi Amin, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilikausha maduka. Watu wakaanzisha miradi, neno lililokuja kumaanisha chochote kinacholeta fedha nje ya kazi: maandazi, kuku, barafu, ng'ombe wa maziwa, mboga. Mikocheni, Msasani na Oysterbay maofisa walifuga ng'ombe kwenye nyua zilizopandwa nyasi na wakoloni. Walimu wa Chuo Kikuu walilima Makongo na Changanyikeni. Malongo Mlozi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Camillus Sawio wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliochunguza hali hiyo, na walichokikuta kiliwashangaza waliodhani kilimo cha mjini ni cha maskini peke yao: wenye vyeo walikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na ua.

Sheria ilifuata nyuma kwa mwendo wake. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992, zilizotolewa chini ya sheria ya mipango miji, ziliruhusu mtu kulima mjini eneo lisilozidi ekari tatu. Mwaka uliofuata Wizara ya Kilimo, kwa msaada wa Wajerumani kupitia GTZ, ilianza mradi wa kuendeleza mboga mijini ambao uliwaunganisha wakulima na mabwana shamba na mabibi shamba. Ripoti za wakati huo zilikadiria kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa katika masoko ya jiji zilitoka kwenye bustani za ndani ya jiji lenyewe. Makadirio hayo yanahusu majani. Biringanya na nyanya chungu huvumilia safari, na nyingi zimekuwa zikiingia kwa magari kutoka Pwani na Morogoro hadi masoko kama Tandale na Kariakoo. Ile ya uani haikulimwa kushindana na hizo. Ililimwa ili siku isiyo na fedha iwe na mchuzi.

Hapo ndipo wadudu wanapoingia. Shambani kijijini, kwenye kilimo cha mvua, kiangazi huua wadudu wengi kwa kuwanyima chakula. Uani hakuna kiangazi. Maji ya bomba, ya kisima au yaliyotumika kuoshea vyombo humwagwa kila jioni, na mimea ya ukoo mmoja (mbilingani, nyanya, nyanya chungu, mnavu, pilipili) hupokezana mahali palepale mwaka mzima. Mkulima mwenye ekari anaweza kuhamisha zao. Mwenye matuta matatu atalihamishia wapi? Samadi ya kuku na ng'ombe, iliyopatikana kwa wingi katika miaka ya miradi, ilinenepesha mimea na kuifanya laini, na ulaini huo huwavutia wadudu mafuta, ambao hujazana chini ya majani machanga na kufyonza hadi jani likunjamane. Sisimizi huwalinda kwa sababu ya utomvu mtamu wanaoutoa. Mtu akiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina la mbilingani, hana haja ya kutafuta zaidi.

Adui mkubwa ni funza wa matunda. Nondo mdogo mweupe mwenye madoa ya kahawia huruka usiku na kutaga kwenye majani, vitumba na karibu na kikonyo. Kiwavi akianguliwa huchimba mara moja, ama ndani ya ncha changa, ambayo hunyauka na kuinama, ama ndani ya tunda. Tundu la kuingilia ni dogo mno, hivyo biringanya huonekana nzima mpaka kisu kiipasue na kukuta njia zilizojaa kinyesi cha kahawia. Akishiba hutoka, hushuka na kugeuka bundo kwenye majani makavu au juu ya udongo, na kwa joto la Dar es Salaam kizazi kizima hukamilika ndani ya wiki chache. Dawa ikinyunyizwa juu ya tunda haimfikii aliye ndani. Ni saa chache tu kati ya kuanguliwa na kuchimba ndipo anapokuwa wazi.

Kwa zaidi ya karne moja vitabu vilimpa funza huyu jina la ndugu yake wa Asia, Leucinodes orbonalis, aliyeelezwa mwaka 1854. Ushauri uliotolewa Afrika kwa hiyo ulikopwa kutoka India na Bangladesh. Kisha mwaka 2015 Richard Mally na wenzake walichapisha uchunguzi wa sehemu za mwili na vinasaba uliobadili hesabu. Nondo wa Afrika kusini mwa Sahara hawakuwa wa aina ile ya Asia. Walikuwa aina kadhaa, nyingine zikiwa hazijawahi kupewa jina, na mmoja wao akaitwa Leucinodes africensis. Sehemu ya vielelezo ilitoka kwa wakaguzi wa Ulaya waliokamata viwavi ndani ya matunda yaliyosafirishwa kutoka Afrika. Biringanya ilikuwa imeingia kwenye biashara ya nje, na ndipo funza wake akapata wa kumtazama kwa makini. Mkondo uleule wa Amani. Wakati huo Bangladesh ilikuwa imekwisha kuidhinisha, mwaka 2013, biringanya iliyobadilishwa vinasaba ili kumuua funza wa Asia. Mbegu hiyo haikufika kwenye nyua za Kinondoni.

Wageni wengine walikuja katika kipindi kifupi. Utitiri mwekundu wa nyanya, ambaye si mdudu kamili bali jamaa wa buibui mwenye miguu minane, asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979 na Kenya mwaka 2001, akienea kwenye mimea ya ukoo wa nyanya, ukiwamo mnavu unaojiotea wenyewe kandokando ya ua. Hustawi wakati wa joto kavu, hutandaza utando mwembamba na kuacha majani yakiwa na rangi ya kutu. Mwaka 2014 aliingia Tanzania nondo mwingine wa Amerika, Tuta absoluta, ambaye wakulima walimpa jina la kantangaze. Chakula chake kikuu ni nyanya. Hata hivyo jani la mbilingani halikatai.

Dawa za nyumbani ni za zamani kuliko duka lolote la pembejeo. Jivu la jikoni hunyunyizwa asubuhi jani likiwa na umande, na huwasumbua wadudu laini kwa kuwakausha. Maji ya sabuni ya kipande huwaosha wadudu mafuta na inzi weupe, mradi yafike chini ya jani. Pilipili kali, kitunguu saumu na tumbaku viliongezwa kwa kadiri ya imani ya mtu. Tumbaku kweli huua, maana nikotini ni sumu, ya wadudu na ya mpuliziaji pia.

Mwarobaini unastahili kuelezwa kwa urefu zaidi. Mti huu uliletwa kutoka bara Hindi, ukazoea pwani, na kupandwa barabarani na mbele ya nyumba. Watu waliuthamini kwanza kwa homa na magonjwa ya ngozi. Mwaka 1959 nchini Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakiteketeza kila kijani isipokuwa miarobaini. Mwaka 1968 wanakemia Butterworth na Morgan nchini Uingereza walitenga kiini chake, azadiraktini, ambacho humfanya mdudu aache kula na humzuia kujivua gamba anapokua. Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, kilianza katika miaka ya 1990 kueneza matumizi yake Afrika Mashariki chini ya Ramesh Saxena. Kinondoni mbegu huokotwa chini ya mti, hutwangwa, hulowekwa usiku mmoja na kuchujwa kwa kitambaa. Maji hayo hupuliziwa jioni, kwa kuwa jua hukivunja kiini hicho haraka. Wengi hutumia majani kwa sababu yapo mwaka mzima, lakini nguvu kubwa imo katika mbegu.

Viuatilifu vya kiwandani vilikuja kwa mlango wa mazao makubwa. Utafiti wake ulianza mwaka 1945 Entebbe, Uganda, kama kitengo cha serikali ya kikoloni, ukahamia Arusha, na mwaka 1979 sheria ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Kitropiki, TPRI. Dawa za pamba na kahawa zilipita kwenye vyama vya ushirika na bodi za mazao. Biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984, maduka ya pembejeo yalienea mijini, na dawa iliyokusudiwa hekta ikaanza kupimwa kwenye chupa ndogo zisizo na maandishi. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kwa mwenye ua, na si zuri. Hakujua kiasi cha kuchanganya wala siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na biringanya huchumwa kila baada ya siku chache. Dawa za jumla ziliwaua pia kombekombe na nyigu wadogo waliokuwa wakiwala wadudu mafuta na utitiri, hivyo bustani iliyopuliziwa sana mara nyingi ilirudiwa na utitiri mwingi kuliko mwanzo. Endosulfani, iliyopendwa na wakulima wa mboga, iliwekwa mwaka 2011 kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Sheria ya 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyorithi kazi za TPRI.

Ajabu ni kwamba ndani ya Kinondoni kwenyewe kulikuwa na wataalamu wa njia nyingine. Kituo cha utafiti cha Mikocheni kilitokana na mradi wa taifa wa kuendeleza minazi, na moja ya kazi zake ilikuwa kuchunguza majimoto, sisimizi wekundu wanaoshona majani juu ya miti na kuwafukuza kunguni wa minazi. Msingi wa elimu hiyo uliwekwa Zanzibar na mtafiti M. J. Way katika miaka ya 1950. Baadaye kituo kiligeukia pia virusi vya mihogo na inzi weupe wanaovieneza. Majimoto hawakai kwenye mbilingani, ni wa mitini. Lakini somo la kuacha mdudu amlinde mkulima lilifundishwa mtaa wa pili kutoka kwenye nyua zilizokuwa zikinunua sumu kwa kifuniko cha soda.

Kuanzia 2002 mradi wa viwanja 20,000 ulipima Bunju, Boko na Mbweni, na mashamba ya pembezoni yakawa makazi. Jiji lililokuwa na watu milioni 1.36 mwaka 1988 lilihesabiwa kuwa na milioni 5.38 mwaka 2022. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilijengwa vyumba vya kupangisha, kisha fremu za maduka, na ua ukawekwa vigae. Mbilingani umehamia kwenye ndoo zilizopasuka, viroba vya unga na magunia ya udongo. Mabadiliko hayo yamepunguza baadhi ya matatizo. Udongo wa ndoo hubadilishwa, na kwa hiyo minyoo fundo na mnyauko unaoishi ardhini hupata shida ya kujijenga. Mmea mmoja huweza kufunikwa kwa kipande cha chandarua cha zamani, ingawa hapo maua huhitaji kutikiswa kwa mkono asubuhi ili yashike.

Funza bado hufika hata kwenye ua uliozungushiwa ukuta na usio na jirani mlimaji. Hufika ndani ya biringanya zilizonunuliwa sokoni. Kipande kilichotobolewa hukatwa na kutupwa kwenye ndoo ya taka au kwenye lundo la mboji pembeni mwa bustani. Kiwavi humalizia kukua humo, hugeuka bundo, na baada ya siku kama kumi nondo huruka hadi kwenye mmea ulio hatua tatu tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bustani ya ndoo hufanyika jikoni: vipande vyenye matundu, pamoja na ncha zilizonyauka, huzikwa chini sana au hufungwa kwenye mfuko na kuachwa juani siku kadhaa kabla ya kutupwa.